Kutoka Helsinki hadi Porvoo: safari ya saa moja iliyonirudisha Mji wa Kale



Nyumba ya marehemu mama yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, kwenye kichochoro kisichopitisha gari. Ina ghorofa moja, mlango wa mbao wa kuchongwa, na baraza ambayo tulipokuwa watoto tukijilaza juu yake mchana wa Ramadhani tukingoja adhana ya Magharibi. Leo dari ya chumba cha nyuma imebonyea, boriti mbili zimeoza, na ukuta wa kusini unamwaga chokaa kila masika yakipiga.

Warithi ni sita, wanaume watatu na wanawake watatu. Kwa hesabu ya mirathi hayo ni mafungu tisa. Mwaka jana akaja mtu na bei nzuri. Hakuficha kwamba anachotaka ni kiwanja, na kwamba kibali atajua mwenyewe pa kukipata. Kaka yetu mkubwa anadaiwa karo za watoto wawili walioko chuo, akasema iuzwe. Nami, sikufichi msomaji, nilikuwa upande wake. Nilichoka kila mwezi kutoa pesa za kuziba paa linalovuja mahali pengine.

Mdogo wetu wa kike anaishi Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na mume wake na watoto. Ana fungu moja katika yale tisa. Nilipopata viza ya kwenda kuwatembelea mwezi wa Juni, ndugu wengine waliniambia: "Nenda ukamsikilize, ukirudi tuamue." Siku ya pili baada ya kufika nilitaka kuanza mazungumzo ya nyumba. Akanikata: "Kesho shemeji yako hayuko kazini. Tutakupeleka mahali kwanza, halafu tutazungumza."

Mahali penyewe ni Porvoo. Makala haya ni ya safari hiyo, na nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu nilichokiona kule kinamhusu kila mwenye nyumba ya kale kuanzia Mombasa hadi Pate.

Mji mkuu ulioletwa kwa amri

Kwanza nieleze tulikotoka. Helsinki si mji mkongwe sana kwa hesabu ya kwetu. Ulianzishwa mwaka 1550 na Mfalme Gustav Vasa wa Sweden, kwa maana Ufini wakati huo ilikuwa chini ya Sweden. Mfalme alitaka bandari ya kushindana na Tallinn, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Ufini. Ili mji upate watu, aliamuru wafanyabiashara wa miji mingine wahame na kwenda kukaa Helsinki. Porvoo ulikuwa mmoja wa miji iliyopewa amri hiyo. Fikiria leo Lamu iambiwe ifunge maduka ihamie kwingine.

Helsinki ilifanywa mji mkuu mwaka 1812, Ufini ilipokuwa imeshatoka mikononi mwa Sweden na kuingia mikononi mwa Urusi. Katikati ya mji kuna uwanja mkubwa na kanisa jeupe lenye kuba, kazi ya msanifu Mjerumani aitwaye Carl Ludvig Engel. Lishike jina hilo, tutakutana nalo tena Porvoo.

Waislamu wako Helsinki tangu zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wasomali walianza kuja kwa wingi karibu na mwaka 1990 vita vilipopamba moto kwao, na ukiwa mitaa ya mashariki ya mji utasikia Kisomali kila kituo. Lakini kabla yao kulikuwa na Watatari, wafanyabiashara wa vitambaa na manyoya waliotoka Urusi mwishoni mwa karne ya 19. Jumuiya yao ya Kiislamu ilisajiliwa rasmi na serikali mwaka 1925. Shemeji alinionyesha jengo lao mtaa wa Fredrikinkatu. Ukipita bila kuambiwa utadhani ni ofisi.

Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba Chuo Kikuu cha Helsinki kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Profesa Arvi Hurskainen wa chuo hicho alikusanya mamilioni ya maneno ya Kiswahili kutoka magazeti na vitabu, akayaweka kwenye kompyuta, na watafiti wa duniani wanayatumia hadi leo. Lugha yetu imewekwa vizuri kwenye nchi ya theluji. Tuliache hilo, tusije tukachelewa barabarani.

Barabara ya Mfalme

Kutoka Helsinki hadi Porvoo ni kama kilomita 50 kuelekea mashariki, pungufu kidogo ya Mombasa hadi Kilifi. Iko barabara kuu nambari 7, pana, isiyolipiwa, ambayo itakufikisha kwa muda wa kama dakika arobaini. Yapo mabasi pia kutoka kituo cha Kamppi katikati ya mji, na kiangazi ipo meli ya zamani iliyojengwa mwaka 1912 inayokwenda polepole kupitia visiwani. Sisi tulikuwa na gari na watoto wawili nyuma, na shemeji akachagua njia ya kale, nambari 170.

Njia hiyo ni sehemu ya ile wanayoiita Barabara ya Mfalme. Tangu zamani za kati ilikuwa njia ya posta na ya wasafiri kutoka Turku, upande wa magharibi, hadi Viipuri, upande wa mashariki, ikiendelea kuelekea Urusi. Watarishi, wanajeshi, makasisi na wafanyabiashara wote waliipita hiyo. Leo kuna vibao vya rangi ya kahawia vyenye taji vinavyokuonyesha kwamba uko juu yake.

Kwa anayetoka kwetu, mambo madogo ndiyo huonekana makubwa. Wanaendesha kulia. Taa za gari huwashwa hata saa sita ya mchana jua likiwaka, na ndiyo sheria. Vibao vimeandikwa lugha mbili, Kifini juu na Kiswidi chini au kinyume chake, kutegemea wengi wa eneo hilo ni wasemaji wa lugha gani. Na kila baada ya mwendo kuna kibao cha tahadhari chenye picha ya mnyama wao aitwaye hirvi, mwenye miguu mirefu na pembe pana kama majembe. Shemeji, ambaye ni dereva wa basi, aliniambia hirvi akiingia mbele ya gari dogo huwa ni msiba, kwa kuwa miguu yake hukatwa na boneti, mwili mzima ukaja kwenye kioo.

Tulipita Sipoo, tukasimama kwenye kanisa la kale la mawe la karne ya 15. Kuta zake ni za mawe makubwa yasiyochongwa, yaliyounganishwa kwa chokaa. Nilizigusa, nikakumbuka kuta za msikiti wa Gedi, ambao nao ni wa zama hizo hizo au kabla. Mawe yetu ni ya matumbawe na yao ni ya mwamba mgumu, lakini fundi wa kule na fundi wa huku wangekaa pamoja wangeelewana kuhusu chokaa.

Mto, ngome na maghala mekundu

Porvoo, kwa Kiswidi, ni Borgå. Jina hilo linatokana na maneno mawili, borg yaani ngome, na å yaani mto. Ngome yenyewe ilikuwa ya udongo na miti, juu ya kilima kilicho kaskazini mwa mji, na hadi leo utayaona mahandaki yake. Mji una haki za mji tangu karne ya 14 na unahesabiwa kuwa wa pili kwa ukongwe Ufini, baada ya Turku. Wakazi wake ni kama elfu hamsini, na zaidi ya robo yao ni wasemaji wa Kiswidi.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukivuka daraja ni safu ya maghala ya mbao mekundu kando ya mto, yamesimama karibu majini. Zamani humo ndimo walimoweka bidhaa za jahazini: chumvi, nafaka, samaki, kahawa, mvinyo, vitambaa. Jahazi likifunga, mzigo unatoka moja kwa moja kuingia ghalani. Inasimuliwa kwamba maghala hayo yalipakwa rangi nyekundu mwishoni mwa karne ya 18 ili yapendeze mbele ya Mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden aliyekuwa anakuja. Mdogo wangu alinitazama akasema, "Hapa nilipofika mara ya kwanza nililia. Nilidhani niko forodhani Lamu."

Sikulia mimi, lakini nilimwelewa. Nyuma ya maghala mji unapanda kilima kwa vichochoro vilivyopinda, vilivyotandikwa mawe ya mviringo yanayoumiza miguu. Nyumba zimebanana. Nyingine njano, nyingine samawati iliyopauka. Hakuna mstari ulionyooka, kwa sababu vichochoro vile havikupimwa na mtu. Vimefuata miguu ya watu na mikokoteni tangu zamani za kati.

Moto wa supu ya samaki

Usidhani mji huo ulisalia kwa bahati. Umechomwa mara nyingi. Wadenmaki waliuchoma mwaka 1508, na Warusi waliuchoma zaidi ya mara moja baadaye. Lakini moto unaokumbukwa kuliko yote ni wa mwaka 1760, ulioteketeza karibu theluthi mbili ya nyumba. Inasimuliwa kwamba ulianzia jikoni, mama mmoja akipika supu ya samaki. Nyumba za mbao, zimebanana, upepo unavuma. Sisi tuliokulia kwenye makuti hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya moto walijenga upya, na hapa ndipo penye funzo la kwanza. Walijenga kwenye vichochoro vile vile vya zamani. Kwa hiyo nyumba nyingi unazoziona leo ni za baada ya 1760, lakini ramani ya mji ni ya kale kuliko nyumba zenyewe.

Tishio la pili halikuja na moto, lilikuja na karatasi. Mwaka 1832 ulitolewa mpango mpya wa mji, uliochorwa na yule yule Engel wa Helsinki. Mpango ulitaka mitaa minyoofu, viwanja vya mraba, nafasi pana za kuzuia moto. Mji wa kale ungebomolewa. Na kwa haki, mpango huo haukuwa wa kijinga. Watu walikuwa wameona moto unavyokula mji uliobanana, na mitaa mipana ilikuwa ndiyo maendeleo ya siku hizo. Sehemu ya kusini ilijengwa kwa mpango huo, na ukitembea utaona mahali ambapo vichochoro vinaisha ghafla na barabara zinanyooka kama rula.

Sehemu ya kale ikabaki inangoja zamu yake. Ilingoja hadi mwishoni mwa karne ya 19, na ndipo wakazi waliposimama kuipinga bomoabomoa, wakiongozwa na mchoraji wa Kiswidi, Louis Sparre, aliyekuwa amehamia huko na kufungua kiwanda cha samani na vyombo vya udongo mwaka 1897. Mpango ukaachwa. Mji ulioitwa uchafu na hatari ndio leo unaoingiza watalii kwa mabasi.

Juu ya kilima kuna kanisa kuu la mawe. Humo, mwezi Machi mwaka 1809, Tsar Alexander wa Kwanza wa Urusi aliwakusanya wawakilishi wa Ufini, nchi aliyoinyakua kutoka Sweden, akawaahidi kwamba dini yao na sheria zao zitabaki. Wafini wanahesabu mkutano huo wa Porvoo kuwa ndio mwanzo wa nchi yao kusimama kama kitu kimoja, hadi walipopata uhuru Desemba 1917. Kwa hiyo kanisa hilo kwao ni hati ya kuzaliwa.

Tarehe 29 Mei 2006 mtu alilitia moto. Paa la nje, la vipande vya mbao, liliteketea lote na kuanguka. Ila dari ya ndani, ambayo ni ya tao zilizojengwa, ilistahimili, na vilivyokuwemo ndani vingi vikasalimika. Julai 2008 lilifunguliwa tena. Niliinua macho kuitazama ile dari, nikawaza: wale mafundi waliokufa zaidi ya miaka mia tano iliyopita ndio walioliokoa jengo mwaka 2006.

Rangi inayopikwa kama uji

Sasa nije kwenye jambo lililonifunza zaidi kuliko historia yote hiyo.

Kwenye ua mmoja tulimkuta mama wa makamo, amevaa ovaroli, anapaka rangi ubao wa ukuta. Mdogo wangu akamsalimia kwa Kifini, wakaanza maongezi, na mimi nikawa nauliza kupitia kwake. Rangi ile nyekundu, alisema, haitoki kwenye kopo la kawaida. Hupikwa. Unachemsha maji, unatia unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, pamoja na sulfati ya chuma na unga mwekundu wa udongo wa machimbo. Unga huo mwekundu asili yake inayojulikana zaidi ni mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun, Sweden. Unakoroga kwa saa kadhaa mpaka inakuwa kama uji.

Kwa nini ahangaike hivyo, na madukani rangi za plastiki zimejaa? Alijibu kwamba mbao hunyonya unyevu na kuutoa. Rangi ya uji inaruhusu mbao zipumue. Rangi ya plastiki inakaa juu kama mfuko. Maji yakiingia kwa nyuma hayana pa kutokea, na baada ya miaka michache ubao umeoza ndani huku nje unang'aa.

Ndugu msomaji, niliposikia hayo nilihisi kama nimetukanwa, kwa kuwa miaka sita iliyopita mimi ndiye niliyemleta fundi akaupiga ukuta wa kusini wa nyumba ya mama plasta ya saruji. Nilitoa pesa nyingi na nilijisifu. Ukuta ule ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, na matumbawe hunyonya maji na chumvi kama sifongo. Wazee wetu waliupaka chokaa kwa sababu chokaa inapumua. Unyevu unaingia, unatoka, na kila baada ya miaka kadhaa unapaka tena. Mimi niliufunga kwa saruji. Maji yakabaki ndani, chumvi ikaumuka, na sasa plasta inaanguka na kubeba jiwe pamoja nayo. Ukuta wa kaskazini, ambao sikuwa na pesa za kuuharibu, uko vile vile.

Ni kosa linalofanywa Mji wa Kale kila siku, na wanaolifanya hawana nia mbaya. Mwenye nyumba anataka kuokoa, fundi anajua saruji tu, na aliyekuwa akichoma chokaa tanuuni amekufa bila mwanafunzi.

Kuna kufanana kwingine. Vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba, upana wa karibu mita tatu, kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio unaoamua. Kule nako urefu wa gogo la msonobari ndio ulioamua ukuta uishie wapi. Kote kuwili aliyeamua ukubwa wa nyumba ni mti.

Si asali tupu

Nilimuuliza yule mama kama anafurahia kukaa humo. Alicheka. Alisema nje ya nyumba hawezi kubadili dirisha bila kibali cha mji, kwa sababu eneo zima limehifadhiwa. Kupaka rangi kunamla likizo. Kiangazi watalii wanachungulia dirishani akiwa anakula. Na watoto wake hawawezi kununua nyumba jirani, bei zimepanda. Mtaa wa Jokikatu, ule wa kando ya mto, maduka yamejaa vitu vya wageni, na kununua msumari lazima utoke mji wa kale.

Nikamuuliza, mbona hauzi? Akasema ndani ya nyumba anafanya atakavyo, ana jiko la kisasa na joto la kutosha, na kwamba nyumba isiyolalwa na mtu haichukui muda kufa. Akarudi kwenye ndoo yake.

Jambo jingine ambalo hutaliona kwenye picha za watalii ni kwamba Porvoo haili utalii peke yake. Kilomita kadhaa kutoka mji wa kale, mahali paitwapo Kilpilahti, kuna kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilichoanza mwaka 1965, na viwanda vya kemikali kando yake. Kazi ziko kule, kodi inatoka kule, na mji wa kale hauguswi. Nililisema hili makusudi, kwa sababu kwetu tumezoea kuambiwa tuchague: ama maendeleo, ama mji wa kale. Bandari mpya ya Lamu ilipopokea meli za kwanza mwaka 2021, maneno yalikuwa hayo hayo. Porvoo walikiweka kiwanda mahali pake, wakauacha mji mahali pake.

Adhuhuri iliingia baada ya saa saba. Tulitawadha kwa maji ya chupa tukaswali kwenye nyasi ukingoni mwa mto, tukitazamana na maghala. Watu wawili watatu walipita na mbwa wao, hakuna aliyeuliza kitu. Juni huko jua linazama karibu saa tano usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi alfajiri, na suala la Isha na Alfajiri kila jumuiya imeshika fatwa yake. Mdogo wangu anasema mwezi wa Ramadhani ukiangukia Juni ndipo mtu anapojua nguvu zake.

Kabla ya kuondoka tulipita nyumba ya Johan Ludvig Runeberg, mshairi aliyeandika kwa Kiswidi shairi lililokuwa wimbo wa taifa wa Ufini. Nyumba yake imekuwa makumbusho tangu mwaka 1882. Jina lake limepewa keki ndogo ya lozi yenye jamu nyekundu juu, inayoliwa hasa tarehe 5 Februari, siku yake ya kuzaliwa, lakini Porvoo utaipata mwaka mzima. Tahadhari kwa Muislamu: keki hiyo kwa kawaida hulowekwa kwa ramu au pombe nyingine, basi uliza kabla. Sisi tulikula ile ya mdogo wangu aliyoipika nyumbani kwa maji ya machungwa, kwenye gari, watoto wakimwaga makombo.

Mazungumzo tuliyokuwa tumeyaahirisha

Tulizungumza njiani kurudi. Nilitarajia aniambie tusiuze, na nilikuwa na jibu tayari: wewe uko Ulaya, paa halikuvujii wewe. Badala yake aliniuliza, "Kaka mkubwa anahitaji kiasi gani?" Nikamtajia. Akasema, "Basi tatizo letu ni deni la kaka. Nyumba haina kosa."

Sikuwa nimelitazama hivyo. Tulikuwa tumefunga mambo mawili kwenye fundo moja. Kaka ana mafungu mawili katika tisa. Anachodaiwa hakifiki nusu ya thamani ya mafungu hayo. Ili kulipa karo, tulikuwa tayari kubomoa mafungu yote tisa.

Niliporudi tulikaa wote barazani kwa mama, na mdogo wetu akiwa kwenye simu. Sikuwahubiria Ufini. Niliwaeleza kuhusu saruji niliyoipiga, nikaomba radhi, kisha tukapiga hesabu. Tulikubaliana hivi: sisi watano tutanunua fungu moja la kaka kwa awamu ndani ya miezi kumi na minane, na fungu la pili libaki lake. Saruji ya ukuta wa kusini itatolewa. Chumba cha mbele tutakikodisha kwa fundi cherehani wa mtaani, maana ile kauli ya mama wa ovaroli iliniganda, ya nyumba isiyolalwa na mtu. Dada mmoja alitoa rai ya kuiweka nyumba wakfu ya ukoo, na tumekubaliana tukamuulize Kadhi kwanza tuelewe masharti yake.

Sitaki umalize makala haya ukidhani nyumba imepona. Hadi ninapoandika, tumelipa awamu tatu, na ya nne imechelewa kwa sababu yangu. Boriti mpya tumenunua nne, tunahitaji kumi na moja. Fundi wa chokaa tumempata, mzee wa Lamu, na amekubali kuja kwa sharti moja: tumpe vijana wawili wa mtaa awafundishe, kwa sababu amechoka kupanda ngazi peke yake.

Vijana tumeshawapata. Kama nawe una nyumba Mji wa Kale na fundi wako anakuja Jumatatu na mifuko ya saruji, mwambie asubiri kidogo. Pita kwetu kwanza uutazame ukuta wa kusini.